Upwork na Fiverr, Instagram, au wateja wa mtaani: wapi msanii haliwi?

bintikibokoni
Assalaam aleikum jamani. Nachora katuni na vitabu vya watoto, niko Mji wa Kale, Mombasa. Njia zangu za kupata kazi ni tatu na nataka kujua nyinyi mwaegemea wapi: Upwork na Fiverr (zile tovuti za kutafutia kazi za mtandaoni), wanaonifuata Instagram, au hawa wetu wa hapa hapa, maduka na mahoteli na wenye tuktuk. Nauliza kwa sababu jana kuna mtu kanitumia ujumbe Instagram, asema yuko Texas. Ataka michoro 12 ya semina ya watoto kwa Dola 1,800, na bei hakubishana hata kidogo. Atalipa kwa hundi. Hundi itazidi kidogo, ile ziada nimtumie mchapishaji wake. Nimefurahi usiku kucha, asubuhi nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

kakaferi
Dadangu, hundi hiyo usiipokee. Mimi nililetewa hadithi iyo hiyo, ila yangu ilikuwa picha ya harusi. Mchezo wenyewe ni huu: waweka hundi, salio laonekana kwenye akaunti kabla benki ya kule haijailipa. Wewe wamtumia "mchapishaji" pesa zako za halali. Wiki kadhaa baadaye hundi yarudi, benki yakudai wewe, na huyo mchapishaji ni yeye mwenyewe na laini nyingine.

Halafu tazama yale ambayo hakuuliza. Ukubwa wa michoro? Marekebisho mangapi? Nani ana haki ya kuichapisha tena? Mteja wa kweli hukusumbua kwa hayo mpaka ujute kumjibu.

rangizapwani
Nikirudi kwa swali lako, mimi ni mtu wa Upwork. Mteja aweka kwao pesa ya hatua ya kwanza kabla sijashika kalamu, na kama sioni imewekwa, sichori. Nikishawasilisha kazi na akanyamaza, siku 14 zikipita pesa yaachiliwa yenyewe, kisha nangoja siku 5 ndipo niitoe. Fiverr wakata asilimia 20, yaani kazi ya Dola 100 wabaki na 80. Yauma, wallahi. Lakini naihesabu kama mshahara wa askari wa mlangoni.

Askari huyo haingii nawe nje ya lango, lakini. Tapeli wa huko neno lake la kwanza ni "njoo Telegram tuongee vizuri". Ukitoka, hakuna wa kukutetea, na kulipana nje na mteja mliyekutana Upwork ni kosa kwa miaka 2 ya kwanza, akaunti yako yaweza kufungwa. Mwingine hukutumia kiungo "cha kuthibitisha akaunti" kisha akuombe namba ya kadi.

Mimi sikuliwa pesa, niliingizwa virusi. Nililetewa faili la zip eti lina maelezo ya kazi na picha za mfano. Ndani, "picha" moja ilikuwa inaishia .scr. Hiyo si picha, ni programu. Nikaibofya. Kufikia jioni Instagram yangu ya miaka sita ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Kwenye Windows washeni ile sehemu ya kuonyesha herufi za mwisho za jina la faili, leo hii, msingoje.

brashikavu
Mimi Instagram siiachi, wateja wangu bora wote wametoka huko. Ila nina sheria: arbuni nusu kwanza, michoro ya awali yaenda ikiwa midogo na jina langu limepita katikati, faili kubwa baada ya salio. Mgeni naye nampelekea ankara ya PayPal, na tangu 2018 naweza kuitoa moja kwa moja hadi M-Pesa.

Ukiambiwa "nimeshalipa, tazama barua pepe", usibofye kilichomo. Ingia PayPal mwenyewe. Zile barua za "pesa yako imeshikiliwa, tuma ada kidogo iachiliwe" ni za matapeli. Na hata pesa ikiingia kweli, mlipaji ana siku 180 za kufungua malalamiko, kwa hivyo mazungumzo yote yahifadhi. (2021 walikuwa wakija na NFT, ile hati ya kidijitali ya kumiliki mchoro, wanunua mchoro wako kwa mamilioni ila ulipie ada kwanza. Lango lilikuwa lile lile.)

fundiwatuktuk
Mwasema kama wa hapa ni malaika! Mimi napamba tuktuk na mbao za maduka. Kongowea mtu kanionyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, nami nikapata mmoja wa sura iyo hiyo. Nikampa kazi. Kuangalia salio kwa *334#, hakuna kitu. Ujumbe ulitoka namba ya kawaida, si kwa M-Pesa wenyewe. Na hata ukilipwa kweli, mlipaji aweza kuutuma ule ujumbe kwa namba 456 ya Safaricom kuomba irudishwe. Ingawa yangu mimi hairudishiki, ikiingia tu Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, imeshaila 😂

Lakini mtaani nina kitu nyinyi hamna: najua duka lake liko wapi.

kijanalikoni
Na akaunti za Upwork za kukodi je? Kuna mtu ataka elfu 5 anipe iliyo tayari na nyota zake.

rangizapwani
Usithubutu yakhe. Ni kinyume cha masharti yao, ikifungwa hela zako zimo ndani, na jina si lako la kwenda kulalamika.

bintikibokoni
Ahsanteni sana. Nimemwandikia wa Texas: ankara ya PayPal, nusu kwanza, na maswali manane juu ya ukubwa na haki za kuchapisha. Amejibu kwa dakika mbili kwamba msaidizi wake "tayari ametuma hundi" na nimpe anwani ya nyumbani. Anwani simpi. Nimembloki.

@fundiwatuktuk, kuna ukuta wa chekechea Tudor wataka twiga na nyani, mwenyewe asema atalipa akiona kazi. Arbuni ya rangi peke yake nikimwomba, nitakuwa nimekosa adabu?

fundiwatuktuk
Rangi anunue yeye, uende naye dukani. Hapo hata twiga akitoka ana shingo fupi, hasara si yako.