Mjadala: Kusafirisha pingili za muhogo wilaya hadi wilaya kupigwe marufuku?

Mzalendo wa Mkuranga
Wadau, naleta hoja. Ugonjwa wa batobato wa muhogo tumeishi nao tangu enzi za Mjerumani, lakini huu mwingine wa michirizi ya kahawia unatumaliza. Shamba linapendeza, majani mabichi, siku ya kuvuna unakata muhogo unakuta umeoza ndani kwa madoa ya kahawia makavu. Inzi weupe wanaeneza ugonjwa, sawa, ila hawaendi nao mbali. Wanaoutoa Pwani mpaka Kagera ni sisi wenyewe, na mizigo ya pingili juu ya mabasi. Napendekeza pingili isivuke wilaya bila cheti cha TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Na niseme wazi: mtu anayebeba pingili za shangazi yake akazipande mkoa wa watu ni adui wa jirani zake.

Binti Newala
Adui? Pingili zangu za kwanza nilipewa na shangazi nilipohamia kwa mume wangu Masasi. Mwaka ambao mahindi yalikauka tulikula muhogo huo, na majirani unaowasemea walikula kwangu. Rudi ufute hilo neno.

Kijana wa Sengerema
Mkuu Mzalendo, hoja ya cheti naielewa. Lakini pingili si mahindi kwamba itakaa dukani kwenye pakiti ikungoje, ikikaa wiki kadhaa imekauka. Mzalishaji wa mbegu za kuazimiwa ubora, yaani zilizokaguliwa, aliye karibu nami ni safari ya kivuko na basi. Mvua ikinyesha nitamsubiri yeye au nitakwenda kwa jirani?

Mzalendo wa Mkuranga
Dada Newala, sijamtaja shangazi yako kwa jina.

Binti Newala
Umetaja shangazi. Mimi ninaye mmoja.

Bwana Shamba Mstaafu
Ndugu zangu, tulieni, hoja ni nzito. Mtafiti Storey aliuandika ugonjwa huu wa michirizi akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Muheza, mwaka 1936. Kwa miaka mingi tulifundishwa ni ugonjwa wa ukanda wa chini, haupandi zaidi ya mita 1,000. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, juu ya hapo. Tukaja kujua virusi ni vya aina mbili, na shamba moja laweza kuwa na zote mbili.
Kwenye batobato yaliyotokea ni makubwa zaidi. Miaka ya 1990 Waganda walikumbwa na kirusi kilichotokana na aina mbili kukutana ndani ya mmea na kubadilishana vipande. Kikawa kikali kuliko wazazi wake, watu wakaacha kulima muhogo wilaya nzima nzima. Kwa hiyo Mzalendo anaposema tusichanganye pingili za huku na za kule, msimpuuze.
Ila na mbegu zetu tuziangalie. Mbegu ya Kiroba kwa mfano, unavuna vizuri, mizizi haiozi sana, lakini virusi vimo ndani ya mti. Anayeichukua anachukua na ugonjwa, akiipanda pembeni ya mbegu dhaifu ya jirani, jirani ndiye anayelia.

Mama Lishe Kibiti
Mzee wangu shikamoo, lakini Kiroba usiiguse! Nachemsha mihogo barabarani, wateja wananiuliza kwanza kama ni Kiroba ndipo wanakaa. Mlituletea mbegu nyingine ya utafiti, nimeichemsha mpaka mkaa ukaisha, ngumu vilevile. Nyie mnapima virusi, nani anapima mdomo?

Kijana wa Sengerema
Mama kasema kweli. Huku kuna mbegu tulipewa za kukinza batobato, chungu, watoto walizikataa. Tukazing'oa, tukarudia za zamani.

Mzalendo wa Mkuranga
Hatukuja kujadili ladha.

Mama Lishe Kibiti
Wewe hukuja kujadili ladha. Mimi nalisha watoto kwa ladha.

Mpwani Kilifi
Jamani hata huku kwetu kilio cha ladha ndicho hicho. Lakini mbona hamsemi jeni? Kenya mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa bayolojia iliidhinisha muhogo uliobadilishwa vinasaba ili ukinze michirizi. Wamechukua kipande cha jeni ya kirusi wakakiweka kwenye mmea, mmea ukajifunza kukizima kirusi kikiingia. Na ni muhogo uleule wa wakulima, ladha haijabadilishwa.

Mzalendo wa Mkuranga
Hizo bakini nazo. Sisi serikali ilisimamisha majaribio ya namna hiyo Makutupora, Dodoma, Novemba 2018. Tuna akili zetu.

Mpwani Kilifi
Makutupora yalikuwa mahindi, ndugu yangu. Na akili haina mpaka wa Horohoro. Inzi weupe nao hawaonyeshi pasi pale.

Binti Newala
Kwa hiyo shangazi yangu azuiwe kuvuka wilaya, inzi wavuke nchi.

Bwana Shamba Mstaafu
Binti yangu, nikupe jambo la kumwambia shangazi. Mbegu ambayo watafiti wa mbegu mpya wameitegemea sana kutafuta ukinzani wa michirizi inaitwa Namikonga. Imetoka mashambani mwa wakulima wa Kusini, na kwa akina Mpwani inajulikana kama Kaleso. Vinasaba vyake vinaonyesha damu ya mti wa mpira wa Ceara, ndugu wa muhogo, maana pale Amani watafiti walikuwa wakichavusha muhogo na mti huo tangu miaka ya 1930. Mradi ulifungwa, wenyewe wakaondoka. Waliobaki wakiikata na kuipanda miaka yote hiyo ni wakulima. Wasingegawiana pingili, leo watafiti wangekuwa na nini cha kuchavushia?

Binti Newala
Asante mzee. Mzalendo umesoma hapo?

Mzalendo wa Mkuranga
Nimesoma. Hoja yangu ni cheti, na anayetakiwa kulipia kipimo ni halmashauri, si mkulima. Hilo ndilo nilikuwa nalisema.

Binti Newala
Hukuwa unalisema. Ulisema adui.

Kijana wa Sengerema
Kipimo chenyewe kipi? Nuru, ile programu ya simu ya kutambua magonjwa ya muhogo, inaongea Kiswahili na inasoma jani vizuri, lakini mti unaoficha dalili itausomaje? Mwaka 2018 watafiti walikaa chini ya mti shambani huko Kenya na kifaa cha mkononi cha kusoma vinasaba, mkulima akapata majibu siku hiyohiyo. Tupewe hicho kila kanda, ndipo mtuletee sheria ya kuvuka wilaya.

Binti Newala
Kileteni Newala. Mpime pingili za shangazi mbele yake. Vikikutwa virusi, jembe nashika mimi, nang'oa mti mmoja mmoja na kuchoma. Visipokutwa, Mzalendo aje azichukue akapande Mkuranga.

Mzalendo wa Mkuranga
Zikiwa na cheti nakuja.

Bwana Shamba Mstaafu
Msisubiri kifaa. Chuma majani yaliyokomaa, si ya kileleni, uyabane kwenye gazeti, kila mti na karatasi yake na jina la kijiji. Yafikishe kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Wa Kibiti ni Kibaha.

Mama Lishe Kibiti
Nitayapeleka. Lakini mzee, Kiroba yangu ikikutwa nayo mkaniambia nichome, hiyo mbegu nyingine inayoiva upesi na isiyo chungu nitapewa na nani, na kabla ya mvua zipi?