Walima wa mkopo

MamaMkwe_Tanga: Asalaam alaykum. Binti yangu anaolewa Mfunguo Mosi, inshallah. Mashangazi wanataka ukumbi, mapambo na sare mbili. Baba yake ameshaanza kuulizia mkopo. Kwangu mimi turubai uani, majamvi na pilau vinatosha kabisa. Nikikataa, nitakuwa bahili?

AbuYasir: Waalaykum salaam, mama. Hapana. Katika Qur'ani, Sura Furqan aya ya 67 inawasifu wanaotoa bila israfu wala uchoyo, wakawa katikati. Mtume (s.a.w.) alimwambia sahaba wake Abdulrahman bin Auf afanye walima, yaani karamu ya harusi, japo kwa mbuzi mmoja. Na walima wa Bi Safiyya, mkewe mwenyewe Mtume? Tende, jibini kavu na samli juu ya vitanga vya ngozi. Watu wakala.

Bi_Kidawa: Naunga mkono, ila usibane mno. Sura Israa aya ya 29 inakataza pia kuufunga mkono shingoni, yaani ubahili. Majirani wale washibe, mafukara waalikwe.

MamaMkwe_Tanga: Jazakumullahu kheri. Nimemsomea baba yake, akanyamaza, kisha akauliza bei ya mchele. Sare nimekubali moja: kanga. Shangazi mkubwa bado amenuna, nitamfuata kesho baada ya Alasiri.