Tupeane uzoefu: kuchagua pikapu ya esansi iliyotumika ya kuvuta remoki nzito

Mwenye mada: Wakubwa wa Lubumbashi, salamu. Natafuta pikapu ya esansi (petroli) ya kuvuta remoki ya tani 3 hadi Likasi na Kolwezi. Kila mmoja alete anachokagua kwanza. Naomba vipimo, sifa za chapa tuziache.

Fundi Katuba: Yaya, fungua kwanza mlango wa dereva. Gari za soko la Marekani zina karatasi ya njano inayotaja uzito wa watu na mizigo usiozidi. Remoki ya kilo 3,000 inatakiwa ikandamize ndoano kwa asilimia 10 hadi 15, yaani kilo 300 hadi 450. Ikipungua hapo, remoki inayumba na kuitikisa gari mkiani. Sasa karatasi ikisema kilo 650, toa 400 za ndoano, zinabaki 250. Watu watatu na sanduku la vyombo, nafasi imekwisha. Muuzaji hutaja tani zinazovutwa tu, hesabu hii hakufanyii.

Kardani wa Kenia: Ukimaliza hapo, kagua ponti, yaani gia za ekseli ya nyuma. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, weka nyutro, inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki. Lizungushe mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya kardani (mhimili mrefu chini ya gari). Minne na kidogo, ni ponti ya 4.10, nunua. Mitatu na robo hivi, ni ya 3.21, imetengenezwa kubana esansi barabarani tambarare. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, na motere isiyo na turbo inapoteza takriban sehemu moja ya nguvu kwa kila kumi. Ponti ndefu, kama hiyo ya 3.21, ukiiongezea hasara hiyo, bwati (giaboksi) itateseka kila kilima.

Dada wa Bwati: Na bwati ya otomatiki ndiyo inayokufa kwanza, kwa sababu ya joto. Endesha dakika 20, vuta kijiti, dondosha mafuta kwenye karatasi nyeupe. Mekundu na safi, sawa. Kahawia yenye harufu ya kuungua, achana nayo hata bei ikishuka, maana kubadili mafuta hakurudishi diski zilizokwisha. Tazama pia mbele ya radiateri kama kuna kipozeo cha pekee cha mafuta ya bwati. Kama hakuna, kifunge kabla ya safari ya kwanza.

Fundi Katuba: Kuhusu motere: Ford F-150 ya lita 5.4 ya 2004 hadi 2008, buji (plagi) hukatikia ndani ya kichwa cha motere. Legeza buji wakati motere ni baridi, robo mzunguko tu, mwagia dawa ya kusafishia kabureta, subiri dakika 15. Hemi ya lita 5.7, ile ya Dodge Ram, ikigonga asubuhi halafu ikanyamaza ikipata joto, mara nyingi ni bolti za manifoldi ya moshi zimekatika. Toyota Tundra ya lita 5.7 ni imara, ila inakunywa esansi.

Mwenye mada: Na freni?

Kardani wa Kenia: Remoki ya tani 3 lazima iwe na freni zake. Za Kimarekani mara nyingi ni za umeme, zinahitaji kidhibiti ndani ya kabini na soketi ya pini 7 bapa. Soketi ya Ulaya ina pini za duara, hazishikani. Pima nyaya kwa taa ya majaribio kabla hujalipa.