Bega linapanda kila ninapopiga gyaku-zuki: kosa linaanzia wapi?

Swali
Salamu ndugu wanakarate. Huu ni mwaka wangu wa nne katika Shotokan, mojawapo ya mitindo ya karate, nina mkanda wa kahawia, na kinachonisumbua ni gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma. Nikipiga polepole, umbo linakuwa zuri. Nikiongeza kasi, bega la kulia linapanda hadi karibu na sikio, kiwiko kinatoka nje, na ngumi inafika bila uzito. Sensei, yaani mwalimu wangu, ananiambia nilegeze bega, nami nalilegeza, lakini baada ya ngumi tatu au nne linapanda tena. Je, kosa liko begani kweli?

Jibu la kwanza
Ndugu, kwa jinsi ulivyoeleza, bega lako linafanya kazi iliyoachwa na nyonga. Katika gyaku-zuki mguu wa nyuma husukuma sakafu, nyonga hugeuka kutoka hali ya kukaa upande hadi kuelekea mbele, kiwiliwili hufuata, na mkono ndio humalizia. Mkono ukitangulia unakosa cha kuusukuma, kwa hiyo misuli iliyo kati ya shingo na bega hulazimika kujaza pengo hilo. Unapopiga polepole kosa linajificha, kwa kuwa nyonga inapata muda wa kufika.

Simama katika zenkutsu-dachi, yaani msimamo mrefu wenye goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, mikono kiunoni, ugeuze nyonga peke yake mara 20 bila kupiga. Kisha ongeza ngumi, lakini isiondoke ubavuni kabla nyonga haijaanza kugeuka, na kiwiko kipite kikisugua mbavu. Jambo jingine, ambalo kwangu ni zito kuliko linavyochukuliwa: usiizungushe ngumi mapema. Igeuke mwishoni kabisa, karibu na shabaha, kwani ukiigeuza njiani kiwiko hufunguka na bega hukifuata.

Jibu la pili
Ninakubaliana na mwenzangu, ila mkono unaorudi, yaani hikite, nao uangaliwe. Ukirudi kwa uvivu au ukiishia njiani, mwili huzunguka nusu tu, na nusu iliyobaki hudaiwa bega. Kisigino cha nyuma pia kibaki sakafuni unapofanya kihon, yaani mazoezi ya msingi. Wapiganaji wa mashindano hukiinua ili wafike mbali, nao wana sababu yao, lakini usichanganye mambo hayo mawili kabla msingi haujakaa.

Ukiweza, tumia makiwara, ile nguzo ya Okinawa inayochimbiwa ardhini na kufungwa majani ya mpunga sehemu ya kupigia. Faida yake ni kwamba inapinda kidogo na kukurudishia nguvu: bega likiwa juu, utasukumwa nyuma; kifundo cha mkono kikiwa kimepinda, utakisikia papo hapo. Gusa kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati tu, uanze kwa ngumi chache za polepole. Tairi kuukuu lililofungwa kwenye mti linaweza kusaidia, mradi ulifunike kwa kitambaa kinene.

Muulizaji
Ninawashukuru sana. Jioni hii nimejitazama kwenye kioo na kuona kwamba mkono wangu wa kushoto unasimama chini ya kifua, haufiki kiunoni. Nilipoulazimisha ufike, bega la kulia lilitulia kwa ngumi kumi mfululizo, ila kasi imepungua. Niikubali hali hiyo kwa sasa?

Jibu la pili
Ikubali. Kaa kwenye kasi ile ambayo bega linatulia, uiongeze kidogo kidogo, na siku linapopanda tena urudi hatua moja nyuma.