Gumzo la familia ya Barabara ya 8: safari ya Istanbul

Kikundi: Familia ya Barabara ya 8, Ngamiani, Tanga

IJUMAA

Mama Zuhura, saa 2:05 usiku
Assalaam alaykum nyote. Mama, shikamoo. Wifi, habari za kutwa? Mimi na Baba Zuhura tumekubaliana kwamba, Mungu akipenda, likizo ya Juni tutakwenda Istanbul kwa siku nane: sisi wawili, Mama (bibi wa watoto), Zuhura na Salim. Fedha tuliyoiweka kwa miaka miwili itatosha tukienda kwa hesabu. Jambo hili nimelileta hapa, sikulimaliza na baba yao chumbani, kwa sababu nataka watoto wenyewe waseme kabla hatujalipia chochote. Safari ya Dubai ya mwaka juzi haijanitoka. Tulimwachia wakala mmoja atupangie kila saa ya kila siku, na picha iliyonibakia kichwani si ya ule mnara mrefu, bali ya Salim akiwa amekalia begi lake ukumbini mwa hoteli, hedifoni masikioni, akisubiri ratiba ya watu wazima iishe.

Zuhura, saa 2:19 usiku
Waalaykumu salaam, Mama. Shikamoo Bibi, shikamoo Baba, shikamoo Shangazi. Ninashukuru kwa kuulizwa, na nitasema ukweli nikijua vizuri fedha ile ilivyotafutwa. Dubai tulikaa siku nne, na sehemu kubwa ya siku hizo niliiona kupitia dirisha la basi, kwa kuwa kila tulipofika mahali ambapo nilitamani kukaa tuliambiwa dakika ishirini zimekwisha. Safari hii hata tukiona vitu vichache, almuradi tukae navyo, nitaridhika. Kitu ninachokitaka kuliko vyote ni lile birika la maji la chini ya ardhi, Basilica Cistern, lililojengwa karne ya 6 chini ya Mfalme Justinian. Dari lake limebebwa na nguzo 336, na mbili kati ya nguzo hizo zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, kimoja kimelazwa ubavu na kingine kimepinduliwa chini juu. Ninaomba niachwe pale na daftari langu la kuchora mpaka nimalize kichwa kimoja.

Salim, saa 2:26 usiku
Shikamooni nyote. Mimi nina maombi matatu. La kwanza, nataka kufika Kadıköy kuuona uwanja wa Fenerbahçe, timu aliyoichezea Mbwana Samatta msimu wa 2020/2021. Najua kwamba Juni ligi itakuwa imekwisha, lakini ndani ya uwanja kuna makumbusho ya klabu. La pili, nataka twende kisiwa cha Büyükada tukaendeshe baiskeli, kwa sababu kule magari ya watu binafsi hayaruhusiwi. La tatu ndilo kubwa: ninaomba mimi na Dada tuachwe peke yetu angalau nusu siku. Hapa ninatoka Ngamiani mpaka Raskazone kwa baiskeli na hakuna anayenifuata nyuma, lakini tukishavuka mpaka tu ninashikwa mkono kama mtoto wa chekechea.

Baba Zuhura, saa 2:41 usiku
Marahaba, wanangu. Uwanja na kisiwa havina tatizo. Hilo la kuachwa peke yenu katika jiji la watu zaidi ya milioni 15, ambalo lugha yake hamuijui, sitalijibu usiku huu. Ninataka kwanza nimsikie dada yangu, ambaye jiji lile amelitembea kwa miguu yake.

JUMAMOSI

Shangazi Rukia, saa 1:50 asubuhi
Kaka, wifi, na wanangu, salaam. Jana nililala mapema, mniwie radhi. Nimekwenda Istanbul mara tano kufuata mzigo wa nguo mtaa wa Laleli, na ninachoweza kuwaambia kwa uhakika ni kwamba jiji lile humshinda mtu kwa milima yake na kwa tamaa ya kutaka kuona vyote. Wekeni jambo moja kubwa kwa siku, lifanyeni asubuhi, na mchana wote uliobaki muuache wazi. Siku mtakayokwenda Kasri la Topkapı isiwe Jumanne, kwa sababu Jumanne hufungwa, na siku ya soko kubwa la kale lenye paa, Grand Bazaar, isiwe Jumapili. Wageni wengi hupanga kwa kufuata ramani, kisha wanakuta mlango umefungwa.
Hagia Sophia nayo ina utaratibu wake. Ilimalizika kujengwa mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti baada ya 1453, ikageuzwa makumbusho miaka ya 1930, na tangu 2020 ni msikiti tena. Mtalii hulipa kiingilio na kupitishwa ghorofa ya juu, ila aliyekwenda kuswali huingia chini kwa Mungu wake bila kulipa. Kwa hiyo, mama asije akalipishwa kitu wakati haja yake ni rakaa mbili.

Baba Zuhura, saa 2:12 asubuhi
Ahsante, dada. Mimi nilikuwa nimefikiria tulale hapohapo Sultanahmet, kwa kuwa Hagia Sophia, Msikiti wa Buluu, Topkapı na hilo birika la Zuhura vyote viko umbali wa kutembea, na mama hatachoka. Unaonaje?

Shangazi Rukia, saa 2:30 asubuhi
Ni mahali pazuri kwa mtu wa siku mbili. Kwa siku nane na watoto wakubwa, ningewalaza ng'ambo, upande wa Asia, Üsküdar. Sultanahmet wanaokuzunguka ni watalii wenzako na watu wanaokuita uingie dukani, ilhali Üsküdar ni mtaa wa wakazi, una mikate ya asubuhi, una wazee wanaokunywa chai katika vile vibilauri vyembamba kiunoni, na ukishuka tu kwenye boti uso kwa uso unakutana na Msikiti wa Mihrimah Sultan, aliousanifu Mimar Sinan na kumalizika 1548. Boti ya kwenda Eminönü, upande wa Ulaya, haifiki nusu saa, na siku ambayo bahari haipendezi kuna treni ya Marmaray, iliyofunguliwa 2013, inayopita chini ya bahari mpaka Sirkeci. Watoto nao watakuwa wanavuka kutoka bara moja kwenda jingine kila asubuhi kama watu wa Pangani wanavyovuka kwa kivuko kwenda Bweni, na kwa maoni yangu, hicho peke yake kinashinda ziara yoyote ya kulipia. Jambo la kuuliza kabla ni kama nyumba iko mlimani na kama ina lifti, kwa ajili ya magoti ya mama. Ulizeni pia kibali cha mwenye nyumba, kwa sababu tangu 2024 nyumba za kupangishwa kwa siku chache Uturuki ni lazima ziwe na kibali cha serikali.

Mama Zuhura, saa 2:44 asubuhi
Wifi, hapo umenimaliza. Tutalala Üsküdar, na tutatafuta nyumba yenye vyumba vitatu na jiko, ili asubuhi tusitolewe kitandani na saa za chai ya hoteli.

Bibi (anaandikiwa na Shangazi Rukia), saa 4:15 asubuhi
Marahaba, wanangu na wajukuu zangu. Nimesomewa yote. Mimi nina haja moja tu katika mji huo, nayo ni kuzuru kaburi la Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina, akafia mbele ya kuta za mji ule. Nilisikia habari zake kwa mwalimu wangu wa chuoni nikiwa binti mdogo, na sikuwahi kudhani kwamba miguu yangu ingepata nafasi ya kufika. Nikishafika Eyüp, mtaa wenye kaburi hilo, siku nyingine zote ni zenu. Kuhusu watoto kutembea peke yao, mimi sikatai, kwa sababu mume wangu Salim hapa nyumbani hutumwa sokoni na hurudi na chenji kamili. Sharti langu ni lilelile mlilolelewa nalo: Magharibi isiwakute nje.

Zuhura, saa 4:32 asubuhi
Shikamoo, Bibi. Ahsante sana kwa kututetea, lakini nisingependa upitishe sharti bila kulijua. Saa ya Uturuki ni sawa na yetu, kwa kuwa tangu 2016 waliacha kubadilisha saa kwa majira, ila Juni jua lao halizami saa 12 na nusu kama letu. Magharibi huingia karibu na saa 2:30 usiku, Isha baada ya saa 4, na Alfajiri huingia kabla ya saa 10 usiku. Nikinyamaza, baadaye utaona kwamba tulikuzunguka.

Bibi (anaandikiwa na Shangazi Rukia), saa 4:40 asubuhi
Mjukuu wangu, umenifurahisha kuliko ungeniletea kanga. Basi sharti liwe saa 12 jioni, jua liwe popote pale.

Baba Zuhura, saa 6:20 mchana
Nimesoma nikiwa bandarini, na nimelisoma mara mbili hilo jibu la Zuhura. Mtoto anayetoa habari inayomnyima nafasi yake mwenyewe ni mtoto anayeaminika, kwa hiyo nimekubali. Nusu siku moja, wawili pamoja bila kuachana, na kila mmoja awe na kadi yake ya usafiri, ile Istanbulkart inayogongwa kwenye boti, tramu na treni, wala wasitegemee ya mwenzake. Tukipotezana, pa kukutania ni mbele ya gati la Üsküdar na si mahali pengine popote.

Shangazi Rukia, saa 6:35 mchana
Niongeze moja, kaka, na hili lilinipata mimi mwenyewe. Safari yangu ya pili nilipanda boti isiyo yangu, nikashukia gati nisilolijua saa ya Isha, na anwani ya nilikofikia ilikuwa ndani ya simu ambayo chaji ilikuwa imekwisha. Nilisimama pale na mfuko wa lokum, zile peremende laini za Kituruki, mkononi, kila ninayemwuliza ananijibu kwa upole, kwa Kituruki. Mzee mmoja muuza simiti, ile mikate ya duara yenye ufuta, aliwasha simu yangu kwa chaja ya kijana aliyekuwa akinunua kwake. Tangu siku hiyo sitoki bila karatasi yenye anwani iliyoandikwa kama wao wanavyoiandika. Watoto nao waipate, na mama pia.

Mama Zuhura, saa 9:10 alasiri
Sasa naomba nipendekeze mpango, nanyi muukosoe. Kila mmoja wetu awe na siku yake ya kuongoza, aijue njia, ajue kiingilio, ashike fedha ya siku hiyo, na wengine tumfuate bila kunung'unika. Siku ya kwanza ya kuongoza ni ya Mama: Eyüp, na hatutaongeza kitu kingine. Siku ya Zuhura ni birika na Hagia Sophia, na Zuhura atachora mpaka achoke. Sisi tutamsubiri nje tukinywa chai. Siku ya Salim ni Büyükada kwa baiskeli, tuondoke na boti ya mapema. Baba Zuhura achukue Topkapı, ambako ndiko linakotunzwa joho la Mtume, na mimi nitachukua soko. Uwanja wa Kadıköy uingie katika ile nusu siku yao wawili, kwa kuwa kutoka Üsküdar hawana bahari ya kuvuka. Siku mbili zinazobaki zisiandikwe kitu, na hapo ninaomba sana nisishawishiwe.

Salim, saa 9:22 alasiri
Mama, ninakubali yote. Ninauliza tu: fedha ya siku yangu ikibaki, itakuwa yangu?

Baba Zuhura, saa 9:30 alasiri
Itakuwa yako, lakini ikipungua hutaongezewa, na watu watano watashinda na njaa kisiwani kwa ajili ya hesabu yako. Kwa hiyo, anza sasa kuuliza bei za leo. Bei za lira za miaka miwili iliyopita hazifai kitu, kwa sababu Uturuki bei zimepanda mno, na makumbusho mengi makubwa yanawatoza wageni kwa hesabu ya euro.
Yaliyobaki ni ya kwangu. Pasipoti zote ziwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha, na ya Mama tayari imekaribia, kwa hiyo Jumatatu saa 3 asubuhi nitampeleka Uhamiaji. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitolewe kabatini tupate nakala. Nauli sitailipa mpaka viza zitoke, hata nikiambiwa kwamba bei ya tiketi inapanda kesho. Nitaangalia pia tiketi inaandika uwanja gani, kwa kuwa jiji lina viwanja viwili: IST uko upande wa Ulaya, na SAW uko upande wa Asia. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa 7 angani, nasi tutalala Dar usiku mmoja kabla. Sitaki kutoka Tanga alfajiri kukimbizana na ndege huku Mama amekalia kiti cha basi saa sita.

Bibi (anaandikiwa na Shangazi Rukia), saa 11:05 jioni
Jumatatu nitakuwa tayari kabla ya saa 3. Salim, mume wangu, mimi simu yenu ya ramani siiwezi, herufi zake ni ndogo na zinakimbia. Nichoree njia ya kutoka Üsküdar mpaka Eyüp kwenye karatasi.

Salim, saa 11:12 jioni
Nitaichora usiku huu, Bibi, kwenye karatasi ya manila, kwa kalamu nene. Boti zote nitaziwekea rangi ya buluu na tramu rangi nyeusi, na gati la Üsküdar nitaliandika kwa herufi kubwa nyekundu, kwa Kituruki, ili ukimwonyesha mtu yeyote kwa kidole ajue pa kukurudisha. Kesho baada ya Adhuhuri nitakuletea tuisome pamoja.