Nyonga inabana nikichuchumaa: mazoezi au upasuaji?

Beki wa Mchangani: Wakuu, habari za leo. Nina miaka 34, mchana nashinda kwenye kiti cha ofisi, jioni mpira. Kinena cha kulia kinauma nikichuchumaa au nikikaa muda mrefu kwenye daladala. Eksirei imeonyesha mfupa umetuna kidogo kwenye shingo ya fupa la paja. Daktari kasema nyonga inabanwa, ila ni hali ya kiasi, nichague mwenyewe: mazoezi tiba, sindano au upasuaji wa matundu madogo. Kaka yangu anasema nivute mguu kwa nguvu mpaka ulainike. Mnanishaurije?

Mama Kiduchu: Pole baba. Usikubali kisu haraka.

Fizio wa Bara: Mkuu, hii ndiyo kazi yangu. La kaka liache leo hii. Mfupa unapogonga ukingo wa kikombe cha nyonga, hauvutiki kama msuli. Ukilazimisha unaiminya gegedu (ile tishu nyororo ya kwenye kiungo) ya pale ukingoni, na maumivu yanazidi. Fika pale panapoanza kubana, rudi nyuma kidogo.

Hiyo picha nayo isikutishe. Wengi wana mfupa uliotuna hivyo na hawaumwi popote, ndiyo maana makubaliano ya wataalamu ya Warwick, Uingereza, 2016, yanadai vitu vitatu kwa pamoja kabla ya kusema nyonga inabanwa: dalili, uchunguzi wa mikono ya daktari, na picha.

Kwa hali yako ningeanza na mazoezi ya miezi mitatu hivi. Imarisha makalio na tumbo: lala chali uinue kiuno, lala ubavu uinue mguu wa juu, kisha panda ngazi taratibu. Kiti kiwe juu, magoti yasizidi usawa wa nyonga. Sindano hutuliza tu, mfupa unabaki vilevile.

Mzee wa Takwimu: Lakini tusiwe wanafiki, upasuaji nao unasaidia. Utafiti wa Uingereza uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018, watu 348, ulionyesha makundi yote mawili yalipata nafuu baada ya mwaka. Waliopasuliwa waliwazidi wa mazoezi kwa pointi 6.8 katika kipimo cha hali ya nyonga chenye pointi 100. Kwangu mimi pengo hilo halitoshi kumpeleka mwenye hali ya kiasi moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Nesi Mstaafu: Kabla ya yote, una siko seli? Umetumia dawa za steroidi muda mrefu? Au pombe nyingi? Kichwa cha fupa la paja kinaweza kufa kwa kukosa damu, kinena kikauma hivyohivyo, na eksirei ya mwanzoni isionyeshe kitu. Hapo MRI, picha ya mashine ya sumaku, ni lazima. Ukiumwa usiku umetulia, au homa ikiingia, rudi hospitali usingoje mazoezi.

Beki wa Mchangani: Siko seli sina, steroidi sijawahi, pombe ni ya sikukuu. Naanza mazoezi Jumatatu. Na mpira je?

Fizio wa Bara: Punguza mateke ya juu na kugeuka ghafla. Kukimbia taratibu ruksa, mradi kesho yake kinena kisiwe kibaya kuliko leo.