Mrejesho: bega langu na daktari wa ngazi ya pili, Colorado

Ndugu zangu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwaeleza kwamba niliumia bega kazini huku Colorado, daktari akaandika nimepona kadiri ya kupona na ulemavu umebaki, lakini asilimia ya ulemavu hakuandika.

Aliyeniambia "muulize kama ana idhini ya ngazi ya pili", yaani idhini ya jimbo ya kupima asilimia ya ulemavu wa kudumu, alinifungulia njia. Hakuwa nayo. Sheria ya jimbo inampa daktari asiye nayo siku 20 kuamua kama kuna ulemavu wa kudumu, na ukiwapo akutume kwa mwenye idhini. Niliomba kwa barua, nikatumwa. Huyu wa pili alinipima taratibu, inua mkono, zungusha, rudia tena, akifuata mwongozo wa chama cha madaktari wa Marekani, toleo la 3, ambalo Colorado bado inalitumia. Nikapata ulemavu wa asilimia 9 ya mkono, malipo yameanza.

Kilichonishinda ni kudai asilimia hiyo ihesabiwe kwa mwili mzima, si kwa mkono peke yake. Barua ya mwisho ya bima, ile inayosema watalipa nini, ilikaa ndani ikisubiri mtu wa kunisomea, siku 30 za kupinga zikapita. Inaniuma mpaka leo. Yenu ikifika, isomwe siku hiyohiyo.

Mama uliyejitolea kunitafsiria kwa simu, aksanti sana.